Presha ya Maji Kibiti: Pimeni Kwanza, Ndipo Mkate Utepe

Ukienda zahanati yoyote hapa Bongo, hata ile ya kijijini yenye nesi mmoja na benchi moja, ukamwambia nesi "nina presha," hakupi dawa papo hapo. Atakukalisha, atakufunga ule mpira mkononi, atapuliza, atasoma namba. Dawa inafuata baada ya namba. Sasa jamani, hebu niambieni, kwa nini mabomba ya maji ya kijiji yakiishiwa presha hakuna anayepima, na dawa inaagizwa siku hiyo hiyo, tena dawa ni ile ile moja: pampu mpya, kubwa zaidi?

Leo nina hasira, mnivumilie. Nimemaliza siku nne wilayani Kibiti, nikianzia Bungu na Jaribu nikateremka hadi Nyamisati, pale mashua zinapopakia watu wa Mafia na wa vijiji vya ndani ya delta. Katika kijiji kimoja cha ukingoni mwa delta (sikitaji, maana watu wake bado wanahitaji maji kuliko wanavyohitaji umaarufu) nilikuta mkutano wa hadhara chini ya mwembe. Mradi wa pale una kisima kirefu, pampu, tenki juu ya mnara na vilula sita. Kwa miezi mingi maji yanatoka uzi mwembamba. Afisa mmoja kasimama, katangaza kwamba pampu imezidiwa na kwamba inaletwa nyingine yenye nguvu mara mbili. Vigelegele! Mkutano ulipokwisha nikamfuata, nikamsalimia kwa adabu zote, nikamuuliza: mheshimiwa, presha imepimwa ikaonekana ni ngapi? Akanitazama kama niliyemuuliza mshahara wake. "Mwandishi, haya ni mambo ya kitaalamu."

Haya, tuingie kwenye huo utaalamu basi, maana si mgumu kama tunavyoaminishwa.

Pampu inasukuma maji kutoka kisimani hadi kwenye tenki juu ya mnara. Kazi yake imeishia hapo. Kutoka tenkini kwenda kwenye vilula maji yanateremka yenyewe kwa uzito wake. Kwa hiyo presha unayoiona kwenye kilula inatokana na urefu uliopo kati ya uso wa maji tenkini na mdomo wa bomba, na hakuna kingine cha kuiongeza. Kila mita 10 za urefu zinakupa presha ya takribani baa moja (baa ni kipimo, msikimbilie kuagiza mbili baridi). Kama uso wa maji uko mita 7 juu ya bomba, presha yako ni 0.7, na itabaki 0.7 hata ufunge pampu ya kuendeshea meli. Mnara haujarefuka! Pampu kubwa itajaza tenki mapema zaidi, basi. Kama shida ni tenki kukaa tupu, sawa, utakuwa umetibu ugonjwa wenyewe. Lakini siku ile tenki lilikuwa limejaa hadi linamwagika kwenye kibomba cha juu, na wakati huo huo kina mama wamepanga madumu foleni kilula cha mwisho, wanasubiri.

Tenki limejaa na maji hayatoki. Mtoto wa darasa la sita angekwambia tatizo liko kati ya tenki na kilula. Pampu iko upande wa pili kabisa wa tenki. Ni sawa na mtu mwenye jipu mguuni umpeleke kung'olewa jino.

Nikamtafuta mzee anayelinda pampu na kufungua koki. Huyu ndiye niliyepaswa kuanza naye.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa gazeti? Karibu, kaa hapa kivulini."

Nikamuuliza maji yalianza kusinzia lini. Hakufikiri hata kidogo. Mwaka jana, akasema, katapila la kuchonga barabara lilipita pale kwenye ule mnazi uliopinda, na wiki ile ile vilula viwili vya mwisho vikapungua nguvu. Akamwambia mtu, mtu akamwambia mtu. "Sasa mwanangu, mlinzi wa pampu nani amsikilize?"

Mimi hubeba geji ya maji kwenye begi, niliinunua kwa muuza vifaa vya bomba pale Gerezani, Kariakoo. Ni kisahani kidogo chenye mshale, hakihitaji umeme wala shahada. Jioni ile watu walipomaliza kuchota, mzee akazima pampu, tukafunga vilula vyote sita. Tukafunga geji chini ya mnara, ikasoma 0.7 kasoro kidogo, sawasawa na urefu wake. Tukatembea hadi kilula cha mwisho, ardhi ni tambarare kama meza, tukafunga geji pale. Ikasoma 0.3.

Sasa hapa ndipo raha ya jambo lenyewe ilipo. Maji yaliyosimama ndani ya bomba hayapotezi presha. Kama vilula vyote vimefungwa na hakuna maji yanayotembea, geji ya mwanzo na ya mwisho kwenye ardhi tambarare lazima zisome namba moja. Zikitofautiana, maana yake maji yanatembea. Na kama yanatembea huku kila bomba limefungwa, basi yanatoka mahali ambapo hakuna ndoo. Tukaweka alama ya chokaa kwenye kipimo cha tenki saa tatu usiku. Alfajiri tenki lilikuwa limeshuka zaidi ya robo, na hakuna mtu aliyechota hata kikombe.

Ingekuwa kinyume chake, yaani geji zote mbili zisome 0.7 vilula vikiwa vimefungwa, halafu ile ya mwisho iporomoke mara tu unapofungua maji, hapo ugonjwa ni mwingine: maji yanabanwa njiani. Pengine koki ya katikati ilifungwa nusu na fundi akasahau. Pengine mchanga umejaa kwenye kona. Pengine hewa imenasa pale bomba linapopanda kilima na valvu ya kutolea hewa haikufungwa. Au bomba ni jembamba mno, na hili nitalirudia maana lina harufu yake. Na kama geji ya chini ya mnara yenyewe inasoma sifuri, tenki ni tupu, hapo ndipo unapokuwa na haki ya kwenda kumtazama pampu: unazima, unasikiliza kama maji yanarudi kisimani kwa kelele (bomba la ndani limetoboka au valvu ya kuzuia maji kurudi imekufa), unapima ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde ngapi, unatazama umeme unaofika, unatazama vumbi kwenye paneli za sola. Yote hayo ni kazi ya usiku mmoja na asubuhi moja. Ununuzi wa pampu mpya unapita kwenye vikao vingapi?

Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, anaishi Reading, Uingereza. Kule nyumba zinapashwa moto kwa maji: kuna boila ukutani inachemsha maji, yanazunguka kwenye mabomba na vyuma vya vyumbani, yanarudi. Usoni mwa boila kuna geji. Ikiwa ya baridi inatakiwa isome kati ya 1 na 1.5, ikishuka mno boila inajizima na nyumba inageuka friji. Majira ya baridi yaliyopita alinitumia picha ya ile geji kwenye WhatsApp, mshale umelala chini. Kwa simu fundi alimuuliza maswali matatu tu. Umetoa hewa kwenye vyuma hivi karibuni? Kuna tone lolote chini ya bomba linalotokeza nje ya ukuta? Ukiongeza maji, mshale unashuka baada ya saa au baada ya wiki? Swali la mwisho ndilo lenye maana kubwa. Ukiongeza mara moja kwa mwaka, si neno. Ukilazimika kuongeza kila wiki, acha kuongeza, tafuta maji yanakokwenda, kwa sababu kila maji mapya yanaingia na hewa mpya inayotafuna chuma kwa ndani. Unaona? Kule mama wa nyumbani tu, hana uhandisi wowote, anaisoma namba ukutani kwake na anajua kuongeza maji si matibabu. Kwetu mradi unaohudumia kijiji kizima hauna hata kisahani kimoja chenye mshale, na kuongeza pampu ndiyo tunaita ukarabati.

Na msiniambie delta haijawahi kuona mafundi makini. Septemba 20, 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha meli ya Waingereza Pegasus pale Zanzibar, kisha mashine yake ikaharibika ikarudi kujificha humu humu kwenye mikoko ya Rufiji, ikatia nanga Salale, kata ambayo leo iko wilaya ya Kibiti. Hawakuagiza meli mpya. Walifungua kilichoharibika, kikasafirishwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam kutengenezwa. Mabega yaliyobeba vyuma vile yalikuwa ya nani, hilo mnalijua bila mimi kuwaambia, na siwasifii wakoloni. Nasema tu kwamba hapa hapa, zaidi ya miaka 100 iliyopita, bila barabara, watu walijua ni kipande kipi kimevunjika kabla ya kukibeba.

Sasa turudi kwenye bomba jembamba. Presha inayoliwa na msuguano njiani inategemea mno kipenyo. Chukua maji yale yale, umbali ule ule, halafu punguza kipenyo kwa nusu: presha inayopotea inaongezeka karibu mara 30. Si mara mbili, mara 30! Kwa hiyo kama mchoro unasema bomba la inchi 2 na aliyechimba mtaro akalaza la inchi 1, akafukia, akapiga picha, akalipwa, vilula vya mbali vimeshakufa siku ya uzinduzi. Siku ile havionekani vimekufa kwa sababu anayefungua ni mgeni rasmi mmoja, kwenye kilula cha karibu na mnara, kwa ndoo moja ya picha. Bomba limefukiwa mita moja chini, nani atafukua? Lakini geji haihitaji kufukua. Ukijua urefu wa bomba, presha mwanzo, presha mwisho na ndoo inajaa kwa muda gani, fundi mzuri anakokotoa kipenyo kilichoko chini ya ardhi akiwa amekaa kwenye kiti. Geji ni mkaguzi. Mnadhani kwa nini haifungwi?

Sisemi kila mradi umeibiwa. Mingine imezidiwa kihalali, watu wameunganisha majumbani kwao kwenye bomba lililolazwa kwa ajili ya vilula tu, na maji yakipita mara mbili zaidi kwenye bomba lile lile presha inayopotea inakaribia mara nne. Lakini hilo nalo utalijua kwa kupima, si kwa kukisia mkutanoni.

Kuna watakaosema, ndugu mwandishi, shukuruni kuna maji hata ya uzi, zamani mlichota madimbwini. Hoja hii naichukia kuliko zote. Hebu tupige hesabu. Sera ya Maji ya 2002 iliweka kipimo chake wazi: lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400, kituo kimoja kwa watu 250. Watu 250 mara lita 25 ni lita 6,250, yaani ndoo 312 za lita 20. Ndoo ikijaa kwa dakika moja, foleni inaisha ndani ya saa tano na ushee. Kilula cha mwisho nilichopima kwa simu yangu, ndoo ilijaa kwa dakika nne na sekunde kadhaa. Ndoo 312 kwa dakika nne ni karibu saa 21. Bomba lingebidi lifunguliwe saa moja asubuhi na mama wa mwisho ajaze ndoo yake saa kumi alfajiri ya siku ya pili. Kwenye karatasi watu hao 250 wamehesabiwa wanapata huduma, wamo ndani ya ile asilimia 85 ya vijijini tuliyoahidiwa ifikapo 2025. Asilimia inahesabu vilula, haihesabu dakika. Ukitaka kuona tofauti yake nenda ukasimame na dumu.

Na muda si kitu kibaya zaidi. Tundu linalotoa maji nje bomba likiwa na presha, ndilo hilo hilo linaloingiza ya nje ndani presha ikiisha. Koki kuu ya kijiji kile inafungwa saa nne asubuhi na kufunguliwa jioni. Ikifungwa, maji yaliyobaki yanateremka kuelekea sehemu za chini, na nyuma yao bomba linanyonya. Linanyonya nini? Pale kwenye mnazi uliopinda ni tope, na mwezi ukiwa mpevu maji chumvi yanapanda hadi karibu na mtaro ule. Umbali wa hatua chache kuna vyoo vya shimo. Aprili 2024 mafuriko yalifunika sehemu kubwa za Rufiji na Kibiti, na Mei 4 mwaka ule ule kimbunga Hidaya kikatua kwenye pwani hii hii. Bomba lenye tundu likilala ndani ya maji ya mafuriko bila presha, lile si bomba la maji safi tena, ni mrija. Halafu mtoto akiharisha tunamuuliza mama yake kama ananawa mikono.

Pampu yenye nguvu mara mbili itafanya nini hapo? Itajaza tenki haraka zaidi, tundu litamwaga zaidi, bili ya umeme itapanda, bei ya ndoo itapanda. Na kwa ukanda ule kuna hatari nyingine ambayo wazee wa delta wanaifahamu vizuri: maji matamu yamekaa juu ya maji chumvi. Ukivuta taratibu unapata matamu. Ukivuta kwa pupa, chumvi inapanda, na kisima kikishaingia chumvi hakirudi kwa hotuba.

Msidhani haya ni ya vijijini tu, nyie wenzangu wa Sinza na Kimara mnaosoma huku pampu ya uani inanguruma. Ripoti za EWURA zimekuwa zikionyesha mwaka hadi mwaka kwamba takribani theluthi ya maji yanayozalishwa na mamlaka zetu za mijini hayaleti hata shilingi, na sehemu kubwa yanavujia ardhini. Tofauti ni kwamba wewe ukikosa presha unanunua simtanki. Yule mama wa kilula cha mwisho ananunua nini?

RUWASA imekuwepo tangu 2019, imeanzishwa kwa sheria, ina ofisi wilayani, na vijiji vina vyombo vyao vya kusimamia maji. Sitaki chombo kingine wala kampeni yenye fulana. Nataka geji mbili kwa kila mradi, moja chini ya mnara na moja kilula cha mwisho. Nataka namba za siku ya kukabidhi mradi, presha ya kila kilula na sekunde za kujaza ndoo, ziandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, pembeni ya jina la aliyejenga, ili baada ya miaka mitatu yeyote mwenye ndoo na saa aweze kulinganisha. Nataka mzee wa pampu apewe daftari na asikilizwe. Na asiidhinishiwe mtu yeyote pesa ya pampu mpya kabla hajaonyesha tenki lilishuka kiasi gani usiku vilula vikiwa vimefungwa. Waandishi wenzangu nanyi, mkiitwa kwenye uzinduzi msiulize mradi umegharimu kiasi gani tu. Nendeni kilula cha mwisho, peke yenu, na ndoo.

Vipimo vyetu vya usiku ule nimeviandika kwenye karatasi moja, nimempa mwenyekiti wa kijiji nakala na nyingine nimeipeleka kwenye ofisi husika, ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Nilipompigia simu mzee jana, hakuna aliyekuja kuchimba pale kwenye mnazi. Pampu mpya inatarajiwa kabla ya masika, na yeye ameshaambiwa afyeke uwanja kwa ajili ya turubai la wageni.